Biashara ya ufukweni kwenye ardhi isiyo na uhakika: mwongozo kamili kwa wenye bichi, vibanda na hoteli ndogo Uganda

Mwambao wa Ziwa Victoria upande wetu, kuanzia Kasenyi na Entebbe, ukipita Munyonyo na Ggaba hadi Katosi na Jinja, umejaa watu wanaoishi kwa jasho la ufukweni. Yupo mwenye bichi anayekodisha uwanja kwa harusi, yupo mama anayekaanga sato na sangara, yupo kijana wa mashua ya kutembeza wageni, wapo wenye vyumba vitano vya kulala wageni huko Kalangala. Wengi wao hawajui kwa hakika ardhi waliyoikalia ni ya nani. Wanasikia tu kwamba serikali inataka kujenga gati, soko, barabara au bustani. Kisha asubuhi moja wanakuta ukutani alama nyekundu ya X, ya jengo linalotakiwa kubomolewa.

Niliyemwandikia ni huyo ambaye X bado haijamfikia, na pia yule ambaye rangi yake haijakauka. Msimamo wangu ni kwamba ufukweni hatimiliki haina nguvu ambayo watu wanadhani inayo. Kinachokuokoa ni kujua haki uliyo nayo ni ya aina gani, kuishika kwa karatasi, na kutozika pesa nyingi kuliko umri wa haki hiyo. Hatua zote zinazofuata zinasimama juu ya jambo hilo.

Hatua ya kwanza: jua ardhi ni ya nani

Katiba ya 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ya Uganda ni ya wananchi, nao huimiliki kwa njia nne: kimila, frihodi (umiliki usio na ukomo wa muda), mailo (umiliki wa kudumu, hasa wa Buganda) na lizi (ukodishaji wa muda maalumu). Kwa shamba la mahindi hiyo inatosha kuanzia. Ufukweni mambo yamechanganyika zaidi. Kipande kimoja cha mita mia kinaweza kuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja ana mhuri wake.

Entebbe, kwa mfano, unaweza kukuta ardhi iliyo chini ya Tume ya Ardhi ya Uganda, ambayo hushika ardhi ya serikali kuu. Nyingine iko chini ya bodi ya ardhi ya wilaya ya Wakiso, na nyingine inahusu mamlaka ya usafiri wa anga. Ukiwa Port Bell au kwenye gati la Jinja, uliza habari za ardhi ya reli. Katika Buganda kuna mailo ya watu binafsi, na kuna mailo ya Kabaka inayosimamiwa na Buganda Land Board. Mwalo wa wavuvi nao una taratibu zake. Kwa hiyo mtu akikwambia "hapa ni pa manispaa, sisi wote tunalipa manispaa", jua hajakuthibitishia lolote kuhusu ardhi. Risiti ya ushuru wa soko inaonyesha kwamba ulilipa ushuru, basi.

Fanya hivi. Tafuta mpima ardhi aliyesajiliwa, akuchukulie vipimo vya pembe za eneo lako na akutolee namba ya bloku na ploti kama ipo. Nenda na namba hizo ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi inayohudumia wilaya yako, ulipie benki, uombe uchunguzi rasmi wa daftari la hati. Majibu yatakuonyesha jina la mwenye hati, aina ya umiliki, tarehe ya kuanza na kuisha kama ni lizi, na kama kuna rehani au kaveti, yaani zuio lililosajiliwa juu ya hati. Usikubali nakala ya hati aliyokuja nayo dalali kwenye bahasha. Uchunguzi ufanye wewe mwenyewe au wakili wako, siyo aliyekuuzia.

Ikiwa ploti haina hati yoyote, peleka barua kwa bodi ya ardhi ya wilaya na nyingine kwa mpangaji miji wa halmashauri, ukiuliza ardhi iko chini ya nani na imepangiwa matumizi gani. Andika barua, usiulize kwa mdomo. Wakinyamaza, ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005: ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu ombi la mwananchi.

Halafu kaa na wazee wa hapo, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, uulize nani alikuwa hapo kabla yako na aliondokaje. Historia ya ploti haimo yote kwenye kompyuta ya wizara.

Hatua ya pili: pima mita 200 kutoka majini

Hapa ndipo wengi hupotezea mali, hata wenye hati safi.

Kanuni za usimamizi wa maeneo oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa za mwaka 2000 zimeweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kwenye maziwa makubwa, Victoria na Albert yakiwemo, na mita 100 kwenye maziwa madogo. Ndani ya ukanda huo huruhusiwi kujenga wala kuendesha shughuli inayodhibitiwa bila kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Vipimo vinaanzia alama ya maji yanapokuwa chini kabisa, siyo pale wimbi linapoishia leo. Usimwachie mtu apime kwa hatua za miguu. Mpima wako aonyeshe mstari huo kwenye ramani yake na atie saini.

Juu ya hapo kuna Katiba yenyewe. Serikali na serikali za mitaa zinashika maziwa, mito na maeneo oevu kwa amana ya wananchi wote, na Sheria ya Ardhi inazikataza kuyakodisha kwa lizi au kuyagawa. Zinachoweza kutoa ni leseni, kibali au ruhusa ya matumizi. Kwa hiyo mtu akikuuzia "hati" ya kipande ambacho ni kinamasi au ni ziwa lenyewe, amekuuzia karatasi ambayo aliyeitoa hakuwa na mamlaka ya kuitoa. Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua hati zilizotolewa juu ya maeneo oevu baada ya Katiba ya 1995 zifutwe.

Mahakama ya Juu nayo haikuacha shaka. Katika kesi ya Nyakaana dhidi ya NEMA, iliyoamuliwa 2015, mwenye nyumba alikuwa na hati na nyumba ilikuwa kwenye eneo oevu Bugolobi. NEMA ilibomoa, naye akashindwa mpaka ngazi ya mwisho. Mahakama ilisema kuzuia matumizi yanayoharibu mazingira si sawa na kumnyang'anya mtu ardhi yake. Naomba uisome aya hii mara mbili kabla hujamwaga zege karibu na maji.

Na ziwa lenyewe lina hoja yake. Mei 2020 maji ya Victoria yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakavuka rekodi ya 13.41 ya mwaka 1964. Bichi na mialo mingi ilizama. Ilikuwa wakati uleule wa korona, na baa hazikuruhusiwa kufunguliwa tena hadi Januari 2022. Aliyekuwa na mkopo wa jengo la kudumu aliendelea kudaiwa huku jengo liko majini.

Hatua ya tatu: shika karatasi inayolingana na hali yako

*Unapanga kwa mwenye bichi.* Hii ndiyo hali ya wengi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Omba kuona lizi yake, kisha uifanyie uchunguzi. Tazama mambo matatu: imebakiza miaka mingapi, inaruhusu matumizi gani, na kama anaweza kukupangisha bila idhini ya aliyempa. Mtu mwenye lizi ya awali ya miaka mitano iliyokwisha mwaka juzi hana cha kukupangisha. Mkataba wako uwe wa maandishi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inautaka uandikwe ukiwa na thamani ya shilingi 500,000 au zaidi, na inamkataza mwenye nyumba kukutoa bila amri ya mahakama. Ongeza kifungu kinachosema: serikali ikichukua eneo, kodi uliyolipa mbele inarudi, na fidia ya ulichojenga wewe ni yako. Bila kifungu hicho, ukumbi uliojenga wewe utahesabiwa kwa jina lake.

*Una kibanja kwenye mailo.* Yaani umekaa kihalali juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Lipa busuulu, kodi ya ardhi kwa mwenye hati, kila mwaka na utunze risiti. Kama mwenye ardhi anakataa kupokea, mpelekee kwa barua mbele ya mashahidi na uweke nakala. Ulinzi wa sheria ni mkubwa kwa aliyekaa, au aliyenunua kutoka kwa mtu aliyekaa, miaka 12 au zaidi bila kupingwa kabla ya Katiba ya 8 Oktoba 1995. Ukinunua kibanja leo, mwenye ardhi lazima aridhie uhamisho huo. Makaratasi ya LC1 peke yake hayatoshi.

*Uko kwenye ardhi ya umma bila karatasi.* Kama uko nje ya ukanda wa ulinzi na nje ya kinamasi, omba lizi kwa bodi ya ardhi ya wilaya. Kamati ya ardhi ya eneo itakuja kukagua. Hakikisha majirani wamesaini na picha zimepigwa. Mahakama ya Juu imeshaamua, katika kesi iliyoihusu bodi ya ardhi ya Kampala na National Housing, kwamba bodi haiwezi kumpa mtu mwingine ardhi kana kwamba aliyeikalia kihalali hayupo. Ukipewa lizi ya zaidi ya miaka mitatu, isajili. Lizi isiyosajiliwa, iliyolala kwenye droo, haizuii mtu mwingine kupata hati ya ardhi hiyohiyo.

*Uko ndani ya mita 200.* Acha kutafuta hati. Tafuta kibali cha NEMA cha matumizi ya ufuko, leseni ya biashara ya mwaka, na makubaliano ya maandishi na halmashauri. Kibali kinakupa muda na masharti, nayo ni haki halali inayoweza kutetewa mahakamani.

Mume au mke asisahaulike: ardhi ambayo familia inaishi au inapatia riziki haiuzwi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Nunua bila saini hiyo, na umenunua kesi.

Hatua ya nne: jenga kwa kadiri ya umri wa karatasi

Kanuni ninayoisimamia ni hii: pesa yote unayoweka chini irudi kabla muda wa karatasi yako haujafika nusu. Tuchukue mfano. Leseni yako ni ya mwaka mmoja. Sitaha ya mbao na paa la makuti vitagharimu shilingi milioni 12, na faida baada ya mishahara na umeme ni laki nane kwa mwezi. Pesa hiyo itarudi baada ya miezi 15. Leseni ni miezi 12. Usiijenge. Punguza hadi milioni nne, irudi kwa miezi mitano, mengine yasubiri leseni ya pili.

Kwa hiyo penda vitu vinavyohamishika. Mahema badala ya ukumbi. Jiko kwenye kontena lililokaa juu ya matofali. Viti, friji, spika, mashua na sola, ambavyo siku ya kuondoka vinapanda lori. Choo ndicho kinachostahili uangalifu zaidi, maana shimo linalovujia ziwani linampa mkaguzi sababu ya kukufunga hata kama mengine yote ni safi. Kiweke mbali na maji, kwenye mwinuko, kiwe cha tanki linalonyonywa.

Mkopo wa SACCO au benki uishe kabla ya leseni au lizi kuisha. Usiweke nyumba ya familia kuwa dhamana ya kibanda cha ufukweni. Nimeona familia nzuri zikivunjika kwa hilo, na hakuna mgeni wa Jumapili anayestahili gharama hiyo.

Hatua ya tano: weka faili kabla hujalihitaji

Fidia hulipwa kwa kinachoonekana na kinachothibitishwa. Kila mwezi piga picha za eneo zima zenye tarehe, kutoka pembe zilezile. Weka risiti za saruji, mabati, mafundi, leseni za kila mwaka, risiti za URA (mamlaka ya mapato), bili za umeme na maji. Miti uliyopanda ihesabu na uiandike kwa aina, maana bodi ya ardhi ya kila wilaya ina orodha ya viwango vya fidia ya mimea na majengo yasiyo ya kudumu.

Daftari la mauzo ndilo wengi wanalolidharau. Sheria inaorodhesha wazi thamani ya ardhi, majengo na mazao. Hasara ya biashara ni lazima uipiganie, na bila daftari huna cha kushika. Andika kila siku, hata kwa kalamu ya risasi, na upitishe malipo kwenye simu ili kumbukumbu zibaki. Nakala za faili zikae mahali pengine mbali na ziwa, na nyingine kwenye barua pepe.

Hatua ya sita: ujue mpango kabla haujakujua

Tangu Sheria ya Mipango ya 2010, nchi nzima ya Uganda ni eneo la mipango. Manispaa, wilaya na KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) zina kamati za mipango, na rasimu ya mpango huwekwa wazi ili wananchi waitazame na kupinga. Shida ni kwamba karatasi hubandikwa ofisini ambako muuza samaki haendi. Chagueni mtu mmoja kwenye umoja wenu ambaye kazi yake ni kwenda kusoma ubao huo kila mwezi na kuongea na diwani.

Na umoja uwepo kweli. Sajilini kikundi wilayani, kiwe na katiba, orodha ya wanachama, ramani ya vibanda na mihtasari ya vikao. Ofisi ikitaka kuwaita "wavamizi", mkaja na orodha ya biashara arobaini, ajira zake na kodi zake, mazungumzo yanabadilika. Mtu mmoja mmoja huitwa pembeni, akapewa kitu kidogo, akaondoka, na waliobaki wakadhoofika.

Swali la kwanza kuuliza kuhusu mradi wowote ni nani anaulipia. Ukiwa na pesa za Benki ya Dunia, masharti yake yanataka mpango wa kuhamisha watu, na yanamtambua hata asiye na haki ya ardhi kisheria: halipwi ardhi, ila analipwa jengo lake na kusaidiwa kurudisha riziki. Kuna tarehe ya mwisho ya kuorodheshwa. Siku wahesabuji wanapopita, uwepo, na usisaini fomu ambayo hujapewa nakala yake. Kama unasoma Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, mwombe mtu unayemwamini akusomee kwa sauti.

Hatua ya saba: notisi ikifika

Usiichane. Ipige picha, andika tarehe na saa uliyoipokea na jina la aliyeileta. Kisha soma imetoka wapi, maana njia za kujitetea zinatofautiana.

Ikiwa ni amri ya NEMA ya kurudisha mazingira, usisubiri amri ya mahakama, kwa sababu wanaweza kubomoa bila hiyo. Jibu kwa maandishi mara moja, ambatanisha kibali na ramani ya mpima, omba kusikilizwa, na kama kweli uko ndani ya ukanda, omba muda wa kuondoa mali yako mwenyewe. Mbao na mabati uliyoyafungua kwa bisibisi bado yana bei.

Ikiwa ni msajili wa ardhi anayetaka kufuta hati yako, anatakiwa kukupa notisi isiyopungua siku 21 na kukusikiliza. Ikiwa ni mwenye ardhi, mwambie akuonyeshe amri ya mahakama. Miongozo ya Jaji Mkuu ya mwaka 2021 kuhusu kuhamisha watu inataka utaratibu na utu. Peleka nakala kwa LC1, polisi na ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani, siku hiyohiyo.

Ukitaka kupinga uamuzi wa ofisi ya umma Mahakama Kuu, una miezi mitatu tu tangu uamuzi ulipotolewa. Watu hupoteza miezi hiyo wakizungushwa kwa ahadi za "tutakaa tuongee". Ongea, lakini wakili awe anaandika. Usiye na uwezo, jaribu Justice Centres Uganda, mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, au FIDA, chama cha wanasheria wanawake, kwa akina mama.

Mtu yeyote anayesema anaweza kufuta X kwa pesa ya mkononi, mkatae. X haifutwi kwa rangi.

Hatua ya nane: fidia na nafasi mpya

Serikali ikichukua ardhi yenye haki yako, ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kabla haijachukua. Mwaka 2015, katika kesi ya mamlaka ya barabara dhidi ya Irumba, Mahakama ya Juu ilisisitiza hilo. Majengo ya mjini yanathaminiwa kwa bei ya soko, ya vijijini kwa gharama ya kuyajenga upya baada ya kutoa uchakavu. Juu yake kuna posho ya usumbufu ya asilimia 15, nayo hupanda hadi 30 ukipewa notisi ya chini ya miezi sita. Kwa hiyo tarehe uliyoiandika kwenye notisi inaweza kuwa na thamani ya mamilioni. Ukitilia shaka thamani, mwajiri mthamini wenu kama kikundi. Gharama ikigawanywa inavumilika.

Mwisho, dai nafasi ndani ya mradi wenyewe. Soko jipya au bustani mpya itahitaji wauza chakula na watu wa mashua. Andikeni mapema, kabla ya mkandarasi kuingia, mkiomba orodha ya waliokuwepo iwe kiambatisho cha makubaliano. Iwe na majina, aina ya biashara na ukubwa wa eneo, na kila ukurasa usainiwe na karani wa mji. Ombeni pia eneo la muda wakati wa ujenzi na kiwango cha kodi ya miaka miwili ya mwanzo. Kisha kila mwanachama abaki na nakala yake yenye mhuri.